Waliobaki Nao Walihama

Babu yangu amezikwa Muheza, mkoani Tanga, lakini hadi siku zake za mwisho neno "nyumbani" kwake lilikuwa Kasulu. Nyumba aliijenga Muheza. Bibi yangu alimwoa Muheza. Minazi aliyoipanda ilikua, ikazaa, akanywa madafu yake. Hata hivyo pale alipaita "huku". Huku kuna joto. Huku maharage hayaivi vizuri. Sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba tulipo ni huku tu, na kwetu hasa ni mbali, Kigoma, mwisho wa reli, ambako kuna baridi, migomba, ng'ombe wenye pembe ndefu na vilima vinavyofuatana hadi Burundi.

Mwaka jana nilikwenda kwa mara ya kwanza. Nimerudi nikiwa na mengi ya kuwaambia ndugu zangu, na nadhani yanawahusu pia watu wengi wa Tanga, Korogwe, Kilosa na Morogoro ambao babu zao walifika huko kama wetu alivyofika, na ambao habari hizo nyumbani kwao hazizungumzwi.

Babu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Kwetu jambo hilo halikutajwa mbele ya wageni. Mtoto wa kambi ya mkonge alijifunza mapema kwamba kuna wenyeji na kuna waliokuja kukata, na miongoni mwa waliokuja kukata Waha, kabila la babu, walikuwa chini kabisa, pamoja na Warundi ambao hakuna aliyejishughulisha kuwatofautisha nao. Baba yangu alipoulizwa kabila shuleni alisema Mbondei, kabila la mama yake. Simlaumu. Nami nimesema hivyo mara nyingi.

Lakini aibu hiyo haikuwa yetu kuibeba. Mkonge wenyewe ni mgeni Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, kisha Kilosa na Morogoro, hata kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mashamba makubwa kiasi hicho yalitaka watu, na wenyeji, waliokuwa na minazi na mihogo yao, hawakuwa na haraka ya kwenda kuchomwa miiba kwa ujira ule. Watu wakatafutwa mbali. Bukoba na Kilimanjaro walikuwa na kahawa, Usukuma walikuwa na pamba. Buha, nchi ya Waha, iliachwa itoe vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu mahali ambapo karibu hakukuwa na kitu cha kuuza ili kuipata fedha hiyo. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na mawakala wake wakawa wanafika hadi Kasulu na Kibondo. Kijana mwenye kodi ya kulipa na mke mchanga wa kutunza alikuwa na njia moja. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema wazee wale "walikimbilia mkonge", namwomba anieleze walikuwa na chaguo gani jingine.

Babu aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alipanda treni Kigoma, akashuka Morogoro, wakapakiwa kwenye malori hadi Korogwe, maana wakati ule reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa. Mkataba wake ulikuwa wa miaka michache, arudi na fedha.

Kipande chake bado kipo. Bibi anakiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Ni kadi ngumu, imekuwa rangi ya chai, ina vyumba 30, kila kimoja kwa siku moja ya kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa. Ukiumwa, hakuna alama. Ukikata matita pungufu, hakuna alama. Mshahara ulilipwa kadi ikijaa, na mtu angeweza kuhangaika wiki sita kujaza mwezi mmoja. Kwenye kadi ya babu kuna vyumba viwili vilivyoandikwa kisha vikakatwa kwa wino mwingine. Nimevitazama sana vyumba hivyo viwili. Alisimama asubuhi kwenye mistari ile, majani yenye ncha kama misumari, utomvu ukimwasha mikononi, akakata, akafunga matita ya majani thelathini thelathini, akayabeba hadi kwenye reli ndogo ya shamba; kisha mtu fulani akaamua kwamba siku ile haikuwapo.

Kwa nini hakurudi? Kwetu jibu lilikuwa fupi: mkonge ulimnogea, akapata mke, basi. Nililiamini mpaka nilipoanza kuhesabu. Mkataba wa kwanza ulipokwisha hakuwa na cha kurudi nacho, akachukua wa pili. Kisha akamwoa bibi. Baba akazaliwa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, na akaambiwa sasa shamba ni la wananchi, akabaki. Bei ya mkonge ikashuka kwa sababu ya kamba za nailoni na plastiki, kambi zikaanza kuwa tupu, na kufikia hapo alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne na minazi. Barua aliandika. Bibi anakumbuka barua tatu au nne katika miaka ya 1970, zote kupitia sanduku la posta la misheni moja ya huko, zote bila majibu. Babu alikata shauri kwamba wamemsusa. Hakuandika tena, na kuanzia hapo, anasema bibi, alizidi kuizungumzia Kasulu. Kabla ya hapo alikuwa akiitaja kawaida tu.

Tuliwapata ndugu zetu kwa njia ambayo babu asingeiwaza. Binti wa jirani yetu, mwalimu, alihamishiwa shule moja ya Kasulu. Nilimpa jina la babu, jina la baba yake na jina la kilima alichokuwa akikitaja. Akauliza kanisani, akauliza sokoni kwa kina mama wanaouza maharage. Haikuchukua muda. "Dada, shangazi yako yuko hai," aliniandikia. Sikujua kama nina shangazi Kasulu.

Niliamua kwenda kwa treni, ile ya zamani ya reli ya kati, ili nipite njia aliyopita yeye kwa kinyume. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Safari ni ndefu na inachosha. Baada ya Tabora unaanza kuona miyombo tu, saa baada ya saa, halafu mto Malagarasi na mabwawa yake, halafu Uvinza ya chumvi, na hatimaye ziwa. Mama mmoja niliyekaa naye alikuwa akienda kumzika kaka yake. Alizaliwa Kimamba, Kilosa. Baba yake naye alikuwa mkata mkonge kutoka Kibondo. Tulipogundua hivyo tulishikana mikono kama watu waliokuwa wakitafutana.

Kutoka Kigoma hadi Kasulu ni lami. Hili nalitaja kwa sababu katika masimulizi ya babu ile ilikuwa njia ya miguu, siku na siku, vijana wakiwa na mihogo mikavu kwenye vifurushi. Sasa Hiace inapanda vilima huku redio ikitangaza mpira. Kasulu ni mji: benki, vibanda vya kutuma pesa, bodaboda kila kona, ghorofa zinazojengwa, na magari makubwa meupe ya mashirika ya misaada. Hayo magari yapo kwa sababu ya kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na ambayo baadaye ilipokea pia Warundi wengi. Kuna wakati ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mji. Sikuwa nimejiandaa kwa hili: nchi ambayo babu aliiacha kwa kukosa njia ya kuishi, wengine wameifanya mahali pa kuokoa maisha yao, na watoto wao wamezaliwa pale, wanapaita kwao au hawajui wapaite nini.

Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi tukaombwa vitambulisho. Askari alisoma jina langu, akanisemesha Kiha. Sikuelewa. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, kama mimi ni raia. Kiha na Kirundi vinaelewana karibu neno kwa neno, na mpaka uko karibu, kwa hiyo swali lenyewe si geni huku. Wenyeji wanaulizwa kila siku. Lakini nilikaa nalo hadi Kasulu. Muheza babu aliitwa Mrundi na watu wa pwani. Kasulu, mjukuu wake anaulizwa kwa sababu anazungumza kama mtu wa pwani.

Shangazi anaishi nje ya mji, upande wa Heru Juu, ambako zamani palikuwa na makao ya Mwami, yaani mtawala wa jadi, wa Heru. Babu alikuwa akisema kwa fahari kwamba kwao mwanamke aliwahi kuwa Mwami, na watu wa kambini wakadhani anatunga. Hakutunga, Mwami Theresa Ntare alikuwa kweli.

Nilimkuta shangazi amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akaendelea kunitazama bila kuacha kazi, mkono wa kulia ukisukuma mbegu nzuri upande mmoja na mbovu upande mwingine, kwa vidole viwili, haraka, bila kutazama chini. Babu alikuwa akichambua hivyohivyo. Mchele, choroko, kunde, chochote kilichowekwa mbele yake kwenye ungo, kwa vidole vile viwili. Sikuwahi kudhani kwamba hicho ni kitu ambacho mtu anaweza kukiacha kwa mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, maana huo ndio umri aliokuwa nao shangazi babu alipoondoka.

Kiswahili chake ni cha kukatakata, na Kiha changu hakipo. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, alikaa katikati yetu akifasiri, na mara nyingine akikataa kufasiri hadi abembelezwe. Swali la kwanza la shangazi lilikuwa: "Alikula vizuri?" La pili: "Alimtaja mama?"

Hakumtaja. Si kwetu sisi wajukuu. Nilimwambia hivyo kwa sababu sikuona namna ya kusema kitu kingine mbele ya mtu wa umri wake. Akatikisa kichwa, akasema maneno marefu ambayo kijana alifupisha: "Anasema mama yake alimtaja kila siku."

Mke huyo wa kwanza hakuolewa tena. Alilima, akamlea binti yake, akawatunza wakwe zake hadi akawazika wote wawili. Baba yake babu alikufa akiuliza kama kuna aliyepita posta. Kwenye masimulizi yetu ya Muheza, Kasulu ilikuwa na vilima na migomba na ng'ombe. Haikuwa na mwanamke huyu. Ninavyoona, hapo ndipo sisi wa upande wa waliohama tumekosa haki: tumeitunza nchi tukawasahau watu, kisha tukawapa jina la "waliobaki", kama kwamba kazi yao maishani ilikuwa kukaa palepale watusubiri.

Maana hawakukaa palepale. Siku ya pili niliomba nipelekwe kwenye boma la babu. Nilikuwa nimefikiri ni hapo tulipokuwa tumekaa. Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza. Tulitembea karibu saa nzima, tukateremka bonde, tukavuka kijito, tukapanda tena. Yeye ana fimbo lakini alitangulia. Kule juu hapakuwa na boma.

Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma. Familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja katikati ya migomba yake, ziliamriwa kuhamia vijiji vipya kando ya barabara. Mkoa huu ulitangulia. Amri ya nchi nzima ilifuata baadaye. Nia iliyosemwa ilikuwa kuwasogeza watu karibu na shule, zahanati na maji, na kweli mjukuu wa shangazi anasoma kwa sababu shule iko karibu. Lakini watu waling'olewa kwenye mashamba yaliyokuwa yakiwalisha wakapelekwa kwenye pori la kuanza upya. Shangazi alikuwa msichana aliyekwisha kuolewa. Alirudi kumsaidia mama yake kuhama. Walibomoa paa, wakachukua miti iliyofaa, wakabeba vyungu. Mama yake aliung'oa mlango, mbao tatu nzito zilizounganishwa, akaujitwisha kichwani, akateremka nao bonde lile tulilolipanda. Watu walimwambia mlango atapata mwingine. Alijibu kwamba mwenye mlango akirudi ataujua.

Mlango huo sasa ni mlango wa jiko la shangazi. Nilikuwa nimeupita mara kadhaa nikiingia kuchukua maji. Chini umeliwa na mchwa, umeongezewa kipande cha bati, na bawaba ni za ngozi ya tairi. Kwa ndani, usawa wa kifua, kuna sehemu laini inayong'aa ambapo mikono imeusukuma kwa miaka sabini.

Barua za babu, basi, zilikuwa zikienda kwa watu wa kilima ambacho hakikuwa na watu tena. Kijiji kipya kilikuwa na jina jingine. Jamaa aliyekuwa akichukua barua misheni alikuwa amehamishiwa kijiji tofauti. Hakuna aliyemsusa. Na kwa upande wao, walisikia tu kwamba kambi za mkonge zinafungwa na watu wanatawanyika, wakadhani amekufa. Walimfanyia matanga mwaka ambao baba yangu alikuwa akianza sekondari na babu akimshonea kaptura.

Shangazi aliongeza jambo ambalo kijana wake alilifasiri huku mwenyewe akishangaa. Hata pale kilimani hapakuwa kwao pa asili. Wazee wake walipelekwa hapo na Waingereza katika miaka ya 1930, wakati wa malale, watu wa Buha walipokusanywa kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Babu alikuwa mtoto mdogo. Kilima alichokiita nyumbani kwa maisha yake yote, alichotufundisha sisi kukiita kwetu, alikuwa amekaa juu yake labda miaka ishirini. Muheza alikaa zaidi ya arobaini.

Sijui kama yeye mwenyewe alilitazama hivyo. Kwangu, nikiwa nimesimama pale upepo ukivuma, niliona ahueni. Sikuwa nimechelewa kufika mahali ambapo kila mtu mwingine alikuwapo tangu mwanzo. Hakuna aliyekuwapo tangu mwanzo.

Kilimani pale sasa pamepandwa michikichi. Miche mifupi, safu zilizonyooka, mbegu mpya ya muda mfupi ambayo serikali imekuwa ikiihimiza Kigoma tangu 2018 ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula. Mwenye shamba, kijana wa makamo, alikuja akitukimbilia. Alikuwa na wasiwasi, na nilielewa kwa nini: mtu wa mjini amefika na bibi kizee anayenyoosha fimbo huku na huku. Baba yake alipewa eneo hilo na kijiji wakati wa ugawaji. Kisheria hana cha kuogopa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inathibitisha ardhi iliyogawiwa watu katika operesheni zile za kati ya 1970 na 1977. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba hata kama sheria ingekuwa upande wetu, mimi sina dai. Babu aliondoka hapa kwa sababu hapakuwa na zao la kumpa fedha ya kodi. Leo kuna mtu analima zao la fedha palepale na watoto wake hawahitaji kwenda kukata mkonge wa mtu. Nilimshika mkono kwa moyo mweupe. Kaka yangu wa Dar, nilipompigia simu jioni, hakufurahi. Alikuwa na mipango na "kiwanja cha babu". Tumelizungumza hilo mara nyingi tangu nirudi na bado hatujaelewana. Mimi msimamo wangu haujabadilika.

Usiku tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na nikaandika majina. Shangazi alitaja, kijana akatamka herufi, nikaandika kwenye daftari: baba yake babu, mama yake, ndugu zake, waliokwenda Uganda wakapotelea huko, aliyekufa na malale, waliohamia Uvinza kwenye chumvi, wajukuu walioko Mwanza na Geita. Ukoo mzima uko njiani. Jina la mke wa kwanza wa babu niliandika kwa herufi kubwa na nikamsomea shangazi. Akaniambia nilisome tena.

Nilichokiogopa ni kurudi nalo Muheza. Bibi yangu yu hai, ana miaka themanini na kitu, na katika nyumba yake hakujawahi kutajwa mke mwingine. Baba mdogo alinishauri nilinyamazie jambo hilo hadi bibi apumzike. Nilikataa. Shangazi ana umri mkubwa pia, na hawezi kusubiri mara ya pili kwa ajili ya utulivu wetu. Tulipokaa kikao cha familia nilisoma daftari lote, na nilipofika kwenye jina lile baba mdogo alikohoa na kutazama nje.

Bibi akasema, "Namjua. Mwaka wa kwanza alikuwa akiniita kwa jina lake akisahau." Kisha akauliza binti yule ana watoto wangapi.

Shangazi anataka kuliona kaburi. Hataki mabaki yahamishwe, hilo alilisema wazi nilipomuuliza: alipolala amelala. Anachotaka ni kufika, akae siku chache, aonane na wadogo zake ambao hakujua anao. Atakuja maharage yakishavunwa. Mjukuu wake atamsindikiza likizo, kwa basi, kwa kuwa miguu yake haiwezi siku zote hizo za treni. Kaka yangu amekubali kulipa nauli ya kuja na ya kurudi. Bibi amekwisha kuamua atalala chumbani kwake, kwenye kitanda cha babu, na ananihimiza nijifunze Kiha cha kumwamkia mgeni kabla hajafika. Kijana ananitumia sauti kwa simu kila jioni, nami narudia.